Walimtaka mwanangu adake mpira, sasa wanamtaka awe ukuta

Mwalimu, salamu nyingi.

Ninakuandikia saa nane za usiku. Nimetoka zamu kiwandani na usingizi hauji. Kwetu ni Fizi, Kongo, lakini ujana wangu niliumalizia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Sasa tuko Des Moines, Iowa, mwaka wa kumi na mbili huu. Shida yangu ni ya kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 17, aliyeingia nchi hii akiwa na miaka mitano hajui hata neno moja la Kiingereza.

Mtoto alianza na mpira wetu wa miguu, akaenda kikapu, halafu alipofika darasa la tisa kocha mmoja akamwona anapita ukumbini shuleni, akamwambia njoo ujaribu futiboli ya Kimarekani. Leo ana mita 1.95 na kilo 104. Anacheza nafasi wanayoiita taitendi. Mimi mwenyewe ilinichukua misimu miwili kuielewa: anasimama mwisho wa ule mstari wa watu wanene, mara anasukumana pamoja nao, mara anachomoka kama mwizi, anakimbia na kudaka. Akidaka, mimi napiga vigelegele mpaka wazungu wanageuka kuniangalia.

Januari, kocha wa mashambulizi wa chuo kikubwa cha jimbo jingine alikuja kwetu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula ugali na sombe, akaongeza. Akafungua kompyuta yake, akatuonyesha taitendi wao wakidaka mipira, akasema baada ya miaka miwili huyu tunayemwona hapa atakuwa mtoto wenu. Ufadhili kamili: ada, chumba, chakula, vitabu. Mwanangu akatoa neno palepale na baba yake akampa mkono yule kocha.

Februari kocha yule akapata kazi kwingine, akaja mpya. Tangu Septemba tunaangalia mechi zao kila Jumamosi, na nyumba nzima inakaa kimya. Wachezaji wanne wametawanyika pembeni, mpira unarushwa huku na huku, taitendi hatumwoni. Simu zilizokuwa zinaita kila wiki, sasa wiki tatu zinapita. Mwezi uliopita tulikwenda kuwatembelea. Kocha mpya akamshika mwanangu bega, akamwambia ukifika hapa na kilo 129 tutakuweka kwenye mstari, yaani kwa wale wanene wa kuzuia, wasiodaka. Akampa karatasi: mayai sita asubuhi, wali bakuli mbili mchana, maziwa kabla ya kulala, na aamke usiku kula tena. Mwalimu, mimi mtoto huyu nimemlea kwa mgao wa unga wa kambi. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitaogopa karatasi inayomwambia mwanangu ale.

Kipo chuo kingine, kidogo, ngazi ile ya FCS iliyo chini ya vyuo vikubwa, saa sita kwa gari. Wao wanacheza na taitendi wawili karibu kila wakati, na kocha wao anampigia simu kila Jumapili tukitoka ibadani. Lakini ufadhili wao ni robo tatu tu. Baba yake anasema ahadi ni deni, na mtu haachi chuo ambacho jina lake linajulikana nchi nzima. Kanisani walishapiga naye picha amevaa kofia ya kile kikubwa. Mtoto mwenyewe anasema neno moja tu: "Mama, mimi nataka kudaka." Kusaini ni mwanzoni mwa Desemba. Nifanye nini?

Mama mwenye mashaka, Des Moines

*

Dada yangu, pole na zamu, na pole na usingizi uliopotea.

Nitakwambia msimamo wangu mapema ili usihangaike kuutafuta. Kwa hayo uliyoyaeleza, mwanao asiweke sahihi chuo kile kikubwa mpaka aambiwe waziwazi kwamba ana kazi ya taitendi. Jibu likija la kuzungukazunguka, aende kule kudogo. Nasema hivi nikiwa nimesimama miaka tisa kando ya uwanja wa sekondari huku Minnesota, nikifundisha vijana wa mstari, na nimeona watoto wazuri wakipotea kwa sababu wazee wao walichagua uwanja mkubwa bila kuangalia ndani ya uwanja huo watu wanacheza nini.

Katika futiboli hii, mtindo wa mashambulizi na usajili ni kitu kimoja. Nafasi za kikosi zina kikomo. Kwa miaka mingi vyuo vikubwa viliruhusiwa kufadhili wachezaji 85, na tangu 2025 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vina kikomo cha watu 105 kikosini. Kwa hiyo kila kocha anahesabu. Akitaka kurusha mpira mara hamsini kwa mechi, anahitaji wadakaji wembamba wengi, na kila taitendi anayemchukua ni mdakaji mmoja aliyemwacha. Akitaka kusukuma mpira ardhini, hesabu inageuka. Kocha mpya hakumchukia mwanao, dada. Hesabu yake tu haina kiti cha taitendi, na kwa kuwa kijana alishapewa neno, anamtafutia kiti kingine.

Uko Iowa, kwa hiyo mfano uko mlangoni kwako. Chuo Kikuu cha Iowa kinacheza mpira wa kizamani: mstari mzito, kukimbiza mpira, taitendi katikati ya kila kitu. T.J. Hockenson ametoka Chariton, mji mdogo kusini mwa hapo mlipo. Mwaka 2019 yeye na mwenzake Noah Fant, taitendi wawili wa timu moja, walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wapya, mmoja wa 8 na mwingine wa 20. Mwaka 2022 mashambulizi ya Iowa yalikuwa miongoni mwa mabovu kabisa nchini, mashabiki wanazomea uwanja wao wenyewe, lakini taitendi wao Sam LaPorta akachukuliwa na Detroit Lions, wa 34 kwa jumla, na msimu wake wa kwanza huko akadaka mipira 86. Timu ilikuwa inakufa njaa ya pointi, yeye alikuwa anakula, kwa sababu mpira ukirushwa pale, wa kwanza kutafutwa ni taitendi.

Sasa tazama timu hiyohiyo kwa macho ya mdakaji wa pembeni. Charlie Jones alikuwa Iowa msimu wa 2021, akadaka mipira 21. Akahamia Purdue, chuo cha jimbo la Indiana, wanakorusha mpira muda wote. Msimu wa 2022 akadaka 110, yadi 1,361, na Cincinnati Bengals wakamchukua raundi ya nne. Kijana ni yuleyule, mikono ni ileile, na amepishanisha mwaka mmoja tu. Ningekuwa na uwezo ningeibandika hesabu hiyo kwenye friji ya kila nyumba yenye mtoto anayesajiliwa.

Na ule mtindo mnaouona Jumamosi, wanne pembeni na mpira hewani, unaitwa Air Raid, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko Iowa. Hal Mumme na msaidizi wake Mike Leach waliujenga kuanzia 1989 pale Iowa Wesleyan, chuo kidogo cha Mount Pleasant ambacho kilifungwa mwaka 2023. Leach alipokuja kuwa kocha mkuu Washington State, 2012 hadi 2019, alicheza bila taitendi kabisa. Hakuficha. Kijana wa umbo la mwanao hakuwa na sababu ya kupokea simu yake, na yeye hakuwa na sababu ya kuipiga. Uwazi wa namna hiyo ndio ninaowatafutia ninyi.

Balaa huja mtindo unapobadilika watoto wakiwa wameshaingia. Chuo cha Georgia Tech, chini ya kocha Paul Johnson, 2008 hadi 2018, walicheza mtindo wa chaguo tatu: kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anampa mpira mtu wa katikati, au anabaki nao, au anaurusha pembeni, yote hayo akiwa anakimbia. Taitendi hakuwamo kwenye mpango huo. Kocha aliyemfuata mwaka 2019 alitaka mpira wa kisasa, akakuta hana taitendi wa kuanzia, na wachezaji wake wa mstari walisajiliwa kwa wepesi, si kwa uzito wa kumlinda mrushaji. Ilibidi alete taitendi wa kuhamia kutoka Connecticut. Walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Watu wazima walijadili takwimu, lakini mimi nilikuwa nawawazia wale vijana wa mwaka wa pili na wa tatu ambao ghafla ujuzi wao haukuwa na mnunuzi.

Kwa hiyo usiamini maneno ya mtu yeyote, wala yangu. Hesabuni wenyewe. Jumamosi hii mpe mwanao karatasi na kalamu. Makocha wana namba wanazotumia: tarakimu ya kwanza ni wakimbiaji walioko nyuma, ya pili ni taitendi. "Kumi na mbili" maana yake mkimbiaji mmoja na taitendi wawili. "Kumi na moja" ni mmoja na mmoja. "Kumi" ni mkimbiaji mmoja na taitendi hakuna. Kila mpira unapoanza aandike namba moja kati ya hizo. Kando yake aweke alama taitendi akirushiwa mpira. Fanyeni hivyo mechi tatu za chuo kikubwa na mechi tatu za kile kidogo, kisha wekeni karatasi mbili mezani mbele ya baba yake. Akiona ukurasa mmoja umejaa "kumi" na mwingine umejaa "kumi na mbili", hamtahitaji mabishano.

Halafu mwanao apige simu. Apige mwenyewe, kwa sauti yake, asitume ujumbe, na asiongee na msaidizi, aombe kocha mkuu. Aseme: "Kocha, nilitoa neno Januari kuja kucheza taitendi. Je, nafasi hiyo bado ipo?" Kisha anyamaze asubiri. Aulize pia ni nani anawafundisha taitendi siku hizi, maana timu nyingi za kurusha hazina hata mtu maalumu wa kazi hiyo, na aulize kama kuna kijana mwingine wa nafasi hiyo waliyempa ufadhili mwaka huu. Jibu la kweli huwa fupi. Akisikia "tutaona ukifika", ajue ameshajibiwa.

Hapa nije kwa shemeji yangu. Ahadi ni deni, na ninamheshimu mtu anayewafundisha watoto hivyo katika nchi ambayo kijana wa miaka 17 anabembelezwa na watu wazima kila siku. Lakini deni lina pande mbili. Yule aliyekula sombe yenu aliahidi kazi ya taitendi, ameondoka, na aliyebaki ameibadilisha kazi. Mkiuliza kwa adabu kama ahadi yao bado ipo, hamjavunja chochote. Kwa kanuni pia, neno la mdomo halimfungi mtoto wala chuo mpaka siku ya kusaini, na ninataka muwe macho na upande wa pili wa kanuni hiyo: wao pia wanaweza kumwacha wiki ya mwisho, wakati kule kudogo nafasi zimeshajaa. Kocha wa Jumapili aambiwe leo kwamba mnamfikiria kwa dhati. Kumficha ni kumkosea.

Hata wakubwa wameshapita njia hii. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Michigan walimleta Rich Rodriguez, kocha anayetaka kwotabeki mwenye mbio. Kwotabeki wao, marehemu Ryan Mallett, mrefu, mkono wa mzinga, miguu mizito, alihamia Arkansas wanakorusha, na huko akapata jina na kuingia NFL. Pale Michigan akaja Denard Robinson, ambaye mwaka 2010 alikimbia yadi 1,702 akiwa kwotabeki. Mabadiliko yaleyale yaliyomsukuma nje mmoja yalimfungulia mlango mwingine, na hakuna mtu mzima aliyemwita Mallett msaliti kwa muda mrefu.

Kuhusu udogo wa chuo: Dallas Goedert alitoka mji mdogo wa Britton, Dakota Kusini, akaingia South Dakota State, chuo cha ngazi hiyo ya FCS, bila hata ufadhili mwanzoni. Philadelphia Eagles walimchagua wa 49 mwaka 2018. Tucker Kraft alimfuata kutoka chuo hichohicho mwaka 2023. Wasajili wa NFL wanajua kupanda gari kwenda mashambani kama kuna taitendi anayedaka huko. Simwahidi mwanao NFL. Wengi sana hawafiki, na hilo ni sababu nyingine ya kuuliza shahada atakayotoka nayo. Ninachosema ni kwamba mlango huo haufungwi na udogo wa chuo kama unavyofungwa na kukaa benchi miaka mitatu.

Robo tatu ya ufadhili isikutishe kabla hujapiga hesabu. Kama mna kadi za kijani au uraia, jazeni fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, sasa hivi, msingoje Desemba. Ruzuku ya serikali ya Pell hailipwi kama mkopo, na kiwango chake cha juu mwaka wa masomo 2025/26 kilikuwa dola 7,395. Nyumba yenye watoto kadhaa na mishahara ya kiwandani mara nyingi inakaribia kiwango hicho. Mwambie yule kocha wa Jumapili akuunganishe na ofisi ya misaada ya fedha, na wakuandikie kwa hesabu: robo iliyobaki ni dola ngapi, Pell itaziba ngapi, mnabaki na ngapi mfukoni. Uliza pia kama ufadhili unaweza kupanda mwaka wa pili akicheza vizuri. Vyuo vya ngazi hiyo hufanya hivyo.

Mtu atakwambia aende tu kule kukubwa, akiona hapafai atahama, siku hizi kuhama ni rahisi. Ni kweli tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima, mradi masomo yake yako sawa. Lakini wengi huingia kwenye orodha ya kuhama wakakosa timu, na wengine wakapoteza masomo waliyokwisha kufaulu. Na atakachokuwa nacho cha kuwaonyesha makocha wengine ni nini, kama mwaka mzima hakudaka mpira?

Imebaki ile karatasi ya chakula, na hapo nisimtendee kocha mpya isivyo haki. Kugeuka mtu wa mstari si tusi. Lane Johnson alianza kwotabeki, akawa taitendi, akaishia kwenye mstari akiwa Oklahoma, na mwaka 2013 alichaguliwa wa 4 katika drafti nzima. Mimi niliyefundisha mstari ningefurahi mtoto wako akiniambia moyo wake uko huko. Ni kazi ya heshima, ya watu wasioitwa majina uwanjani, na vyuo vinawatafuta kwa tochi. Lakini hajaniambia hivyo, amekuambia wewe, kwa neno moja, kwamba anataka kudaka. Kilo 25 kwa kijana ambaye bado anakua ni jambo la daktari na mtaalamu wa lishe, wala halianzi kwa karatasi aliyopewa akiwa amesimama. Na akishazipata, kurudi taitendi ni vigumu mno. Kile chuo kidogo kitampoteza kabla hajafika.

Basi iweke karatasi hiyo kabatini mpaka Desemba ipite. Asiamke usiku kula. Mpikie ugali na sombe kama ulivyokuwa unampikia, ashibe, alale, na asubuhi akakimbie njia zake za kudaka.